Ndege Isiyorudisha Mwangwi

Picha ile niliikuta chini ya kiti cha gari lililogongwa. Nilikuwa fundi bodi katika gereji moja ya Mayfair, Johannesburg, nyuma ya maduka ya Wasomali, na asubuhi hiyo kazi yangu ilikuwa kung'oa viti ili tunyooshe sakafu. Chini ya kiti cha dereva palikuwa na soksi ya mtoto, maganda ya chungwa yaliyokauka, na gazeti la picha lililochanika katikati. Kwenye ukurasa uliobaki mzima kulikuwa na ndege ambayo mwanzoni sikuitambua kuwa ni ndege. Nilidhani ni kipande cha kitambaa cheusi kilichokatwa na mtu mwenye mkono thabiti. Haikuwa na mkia. Haikuwa na tumbo la kuonekana. Ilikuwa bawa tupu kutoka ncha hadi ncha, na ukingo wake wa nyuma ulikatwa meno makubwa kama ya msumeno.

Niliikunja nikaitia ndani ya ovaroli. Mwenye gereji aliniona.

"Umeokota nini?"

"Ndege."

"Basi irushe, halafu ung'oe kiti cha pili."

Mimi ni mtu wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la sita, Tabora, si kwa kukosa ada wala kwa kuogopa fimbo. Niliona lori linapakia tumbaku nikataka kujua linakwenda wapi, na nilipofika huko nikataka kujua barabara inayoendelea mbele inaishia wapi. Ndivyo nilivyopita Mbeya, Ndola, Harare na Beira, mpaka Johannesburg, mji niliokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, ingawa ndani yake nimehama vyumba tisa. Nimekuwa mlinzi, mbeba mizigo, mpaka rangi, mkaanga samaki. Kazi ikishaacha kunifundisha kitu, miguu yangu huanza kuwasha. Kunyoosha bodi ndiko kulikonishika zaidi, kwa sababu gari lililopakwa rangi lina siri, na mimi napenda kujua siri. Unapitisha kiganja, unagonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Bati tupu lina sauti yake. Bati lililofichwa chini ya puti, ule ujiuji wa kuziba mabonyeo, lina sauti nyingine, nzito na fupi, kama mtu anayejibu huku mdomo umejaa chakula.

Wakati huo nilipanga mtaa wa Berea, katika ghorofa ambayo lifti yake ilikufa kabla sijafika nchini. Chumba tuligawana na fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu mzima, mpole wa mikono na mkali wa ulimi. Pazia lilitenganisha kitanda chake na changu, na cherehani ilikaa dirishani kwenye mwanga. Picha niliibandika upande wangu, lakini ukuta ulikuwa mmoja.

"Ile njo nini?" aliniuliza.

"Ndege."

"Mukia yake iko wapi?"

"Haina."

"Basi itaanguka."

"Haianguki. Inavuka bahari na kurudi."

"Inabeba nini?"

Nikasita. "Mabomu."

Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Ndugu yangu, batu banabandika picha ya bibi yao, ya mutoto, ya Yesu. Weye unabandika avion ya mabomu. Na hiyo mabomu inaangukia nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Alikotoka, watu walikuwa wakisikia ngurumo mchana mweupe na kwanza kutazama juu kama kuna mawingu, wajue ni mvua au ni mabomu. Nilimwambia tu kwamba sipendi inachobeba, nataka kujua inavyofanya kazi. Akasema huo ni ugonjwa wa watoto, kisha akarudi kwenye suruali yake.

Basi nikaanza kutafuta. Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda maktaba ya mjini, nikiwa na daftari na kamusi ya Kiingereza iliyokosa kurasa za mwanzo, kwa hiyo maneno ya herufi za mwanzo niliyakisia. Nilisoma polepole, mstari kwa mstari, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu ilinibidi nitafute walimu mitaani.

Rada, nilielewa, ni kama mtu anayepiga kelele gizani na kutega sikio. Sauti ikigonga kitu humrudia, naye kwa mwangwi huo hujua kitu kiko wapi na kinakwenda kasi gani. Ndege ya kawaida humsaidia sana. Ina mkia uliosimama wima, ina kona pale bawa linapokutana na mwili, ina injini zinazoning'inia. Sehemu ya kona nilifundishwa na watoto wa jengo letu. Walikuwa wakicheza mpira koridoni, na niliona kwamba mpira ukipigwa kwenye kona ya kuta mbili humrudia aliyeupiga hata akipiga ovyo. Lakini ukigonga mlango wa chuma ulioegeshwa mshazari tangu ulipong'oka, huruka kwa mtu mwingine kabisa. Waliochora ndege ile waliziondoa kona. Waliilaza hewani kama samaki bapa, wakauondoa mkia, wakazika injini ndani ya bawa.

Na kingo zake zinafuata mistari michache tu. Ukingo wa mbele wa upande mmoja uko sambamba na baadhi ya meno ya nyuma ya upande wa pili, na hata milango ya tumboni imekatwa meno yanayofuata mistari hiyohiyo. Hivyo mwangwi mdogo unaosalia haumwagiki kila mahali, bali hutupwa pande chache ambako huenda hakuna anayesikiliza. Nilipomweleza fundi cherehani jambo hili, alisahau kwamba alikuwa akinisuta. Alichukua chaki yake akachora mistari juu ya kitambaa.

"Hiyo njo kupatanisha mistari! Shati ya mistari, ukishona bega bila kupatanisha, jicho ya mutu inasimama palepale. Ukipatanisha, jicho inapita tu." Akaitazama picha kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Huyu mwenye alikata hii kitu anajua kazi. Ni vile tu alikosa kazi nzuri ya kufanya."

Kila nilichokipata kilizaa kingine. Hewa ya injini huingilia mgongoni, kupitia koo lililopinda, ili rada isione mapanga yanayozunguka ndani. Moshi hutokea mgongoni pia, umetandazwa na kuchanganywa na hewa baridi, ili aliye chini na chombo cha kunusa joto asiupate. Mabomu hubebwa ndani, maana chochote kinachoning'inia nje kingeng'aa kwenye rada. Ngozi yake imepakwa vitu vinavyomeza mawimbi. Upana wake ni kama nusu ya urefu wa uwanja wa mpira, lakini kwenye rada, waliandika, huonekana kitu kidogo kama ndege wa porini. Huendeshwa na watu wawili tu. Hunyweshwa mafuta angani na ndege nyingine na kuendelea, na safari yake inaweza kuzidi mchana mzima na usiku mzima, ndiyo maana nyuma ya viti pana choo na nafasi ya mmoja kujinyoosha.

Kilichonisumbua ni kukata kona. Bila mkia inageukaje? Jibu nililipata kwenye mteremko unaotoka Berea kwenda mjini. Wakusanya taka hushuka pale wakiwa wamepanda vitoroli vyao, magunia ya chupa na makatoni yamerundikwa kuliko urefu wa mtu, na wakitaka kukata kona huburuza kiatu upande wanaotaka kwenda. Ndege ile hufanya hivyohivyo. Karibu na ncha za mabawa ina vibawa vinavyopasuka juu na chini kama mdomo, na upande uliofungua mdomo hukamatwa na hewa, ndege ikageukia huko. Na kwa kuwa bawa tupu halitulii lenyewe, kompyuta huvichezesha vibawa vyake bila kupumzika, masahihisho madogo mengi kabla rubani hajapepesa jicho.

Lakini ukurasa niliousoma mara nyingi kuliko mingine ulihusu mafundi wa chini. Ndege ikitua huingizwa katika banda lenye hewa iliyopimwa joto na unyevu, na watu huipitia ngozi yake shibiri kwa shibiri. Mkwaruzo huzibwa. Mwanya huzibwa. Uso wote lazima uwe laini, maana kasoro ndogo hurudisha sauti. Nilisoma nikatazama viganja vyangu. Kumbe kuna mahali duniani watu wanafanya kazi yangu, juu ya kitu kile.

"Najua sababu unaipenda," fundi cherehani aliniambia siku moja, akikata uzi kwa meno. "Munafanana. Weye pia unapita, hakuna mwenye anakuona. Hakuna karatasi yenye iko na jina yako. Kesho utahama, hata mwangwi hakuna."

Alikuwa anatania. Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa.

Ndipo alipokuja mama mmoja na gari lake la mizigo lililobonyea mlango. Nilikuwa nagonga mlango kutafuta puti ya zamani, na puti niliikuta nyingi, nikatukana kwa Kiswahili.

"Shikamoo," sauti ikasema nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo katika ovaroli la bluu lenye vumbi jeupe, na kwa kumtazama hatukupishana umri zaidi ya miaka miwili. Nikaitika marahaba kwa aibu. Baadaye alinieleza. Baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa wa hapa, mama yake Mluguru wa Morogoro. Yeye alizaliwa kule, na walipohamia nchini humu alikuwa na miaka kumi. Kiswahili chake kilisimama kwenye umri ule. Mtu mzima yeyote anayesema Kiswahili, kwake bado ni wa kuamkiwa.

"Unagonga nini, kaka?"

"Nasikiliza. Hapa pameshajazwa puti zamani. Hapa na hapa. Hapa ni bati."

"Sisi pia tunagonga," akasema. "Kwa sarafu. Mabawa ya ndege."

Nadhani gari lake lilimalizika kutengenezwa huku namuuliza maswali. Alikuwa fundi mkuu katika karakana ndogo ya ndege kwenye kiwanja kimoja mashariki mwa jiji. Walitengeneza ndege ndogo za viti viwili, za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Matabaka ya faiba yakiachana ndani, jicho halioni, lakini sarafu ikigongwa juu yake sauti hufa. Aliyekuwa akimsaidia kazi hiyo alikuwa amestaafu. Akaniambia nije nijaribiwe.

Siku ya kwanza aliniwekea bawa juu ya meza, akanipa sarafu na penseli. Nilipata sehemu tatu zilizoachana. Yeye alikuwa anazijua mbili. Tulipoimulika ya tatu kwa taa, ilikuwepo.

"Eish," akasema. "Sawa. Miezi mitatu. Ukimaliza vizuri, nasaini fomu ya kukuandikisha kuwa mwanafunzi wa ufundi. Utapata kitabu chako chenye jina lako, na kila kazi utakayojifunza itaandikwa humo. Usipomaliza vizuri, utarudi kwenye magari. Hiyo fomu nikisaini, jina langu liko pamoja na lako, umeelewa?"

Nilielewa. Sikuwa nimewahi kutaka kukaa mahali. Sasa nilitaka, na nilishangaa jinsi kutaka kukaa kunavyotia hofu kuliko kutaka kuondoka. Nilihesabu wiki. Nilifika kabla ya mlango kufunguliwa. Niliuliza maswali mengi mpaka akaniwekea sheria ya maswali matano kabla ya chai.

Katika wiki ya kumi na mbili alinipa kibawa. Ni kile kipande kirefu chembamba kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, karibu na ncha, kinachocheza kwenye bawaba juu na chini ili ndege ilale upande. Kilikuwa na ufa mdogo. Maagizo yake yalikuwa mafupi: ziba ufa, piga msasa, pulizia rangi nyepesi, usifanye jingine. Kisha akaenda siku mbili kwenye kiwanja kingine.

Ufa niliuziba kama alivyonifundisha. Halafu nikakisimamisha kibawa dirishani, nikakitazama kwa ubavu kama tunavyotazama milango ya magari, na nikaona mawimbi. Madogo, lakini mawimbi. Gereji yoyote ya Mayfair ingeona haya kutoa mlango wa namna ile. Nikaikumbuka ndege yangu na mafundi wake na uso usio na kasoro. Kwenye kabati nilipata puti nyepesi ya faiba. Nilikoroga, nikapaka, nikapiga msasa kwa ubao mrefu, nikapaka tena pale palipobaki pamezama. Vijiko vinne vya chakula kwa jumla, labda na kidogo. Nilipomaliza kilikuwa kama maji yaliyotulia. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nasema hivyo hata leo.

Aliporudi Alhamisi alipitisha kiganja. Uso wake ulilegea.

"Sharp," akasema. "Kaka, hii ni nzuri kweli." Mchana huohuo tukakifunga kwenye bawa. Mwenye karakana, mzee wa Kizungu aliyerusha ndege maisha yake yote, angeirusha mwenyewe Jumamosi asubuhi kuijaribu.

Ijumaa jioni, jua halijazama, nilikuwa napandisha mteremko wa Berea kwa miguu. Mkusanya taka mmoja alikuwa anashuka. Mzigo wake wote ulikuwa nyuma ya kitoroli, na kadiri alivyozidisha kasi kitoroli kilianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, kushoto kulia kushoto kulia, hadi akaruka chini na kukishika. Alitukana, akasogeza magunia mawili mbele, akapanda tena. Kikashuka kimenyooka, kasi ileile.

Nikasimama. Kitu kilikuwa kinanigonga kichwani na sikujua ni nini. Kisha nikakumbuka. Ndani ya ukingo wa mbele wa kile kibawa, mbele ya bawaba, kulikuwa na kipande cha risasi, yale madini mazito ya kijivu, kimefukiwa kwenye faiba. Nilikiona nilipokuwa napiga msasa nikadhani ni matengenezo ya zamani ya mtu mvivu. Lakini nani angeweka risasi kwenye ndege, mahali ambapo watu hupima hata rangi? Haiwekwi pale ila kwa kazi. Kilikuwa pale kusawazisha uzito ulio nyuma ya bawaba. Na mimi nyuma ya bawaba nilikuwa nimeongeza vijiko vinne.

Ndege ile ya picha ina kompyuta inayokimbizana na kila mtikisiko. Ndege ya mzee ilikuwa na mkono wa mzee.

Niliketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Sitasema kwamba sikufikiri. Nilifikiri kuwa huenda vijiko vinne si kitu. Nilifikiri kuwa huenda nimekosea, na nitajivunjia fomu yangu kwa hesabu za mtu wa darasa la sita aliyetazama kitoroli. Nilifikiri pia habari ya mabasi yanayoondoka kwenda Beira. Kisha nikampigia simu fundi mkuu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Dada, kile kibawa nilikiongezea puti."

"Wapi?"

"Kote. Juu na chini. Kilikuwa na mawimbi."

"Kiasi gani?"

"Vijiko vinne. Vya chakula."

Akaanza kunigombeza, na kwa kuwa matusi ya watu wazima hakuwahi kufundishwa kwa Kiswahili, alinigombeza kwa yale aliyokuwa nayo.

"Mtoto mbaya wewe! Nilikwambia usiguse! Huna masikio? Utachapwa! Nitakusemea kwa mzee, wallahi nitakusemea!"

Sikuthubutu kucheka, na wala halikuwa jambo la kuchekesha. "Nisemee," nikamwambia. "Lakini asiruke."

Jumamosi nilifika mapema na nikawakuta wamefika kabla yangu. Kibawa kilikuwa kimeshafunguliwa. Walikilaza juu ya vyuma viwili vyenye makali, bawaba zikakalia makali yale, ili kiweze kubembea chenyewe kama mizani. Kilipaswa kulala sawa. Ukingo wa nyuma ulishuka polepole, kwa adabu, kama mtu anayeinama kusalimu, ukagota kwenye meza. Mzee alikinyanyua kwa kidole kimoja, akakiachia, kikashuka tena.

Yule dada alinieleza nilichokuwa nimekisia nusu. Kibawa kikizidi uzito nyuma, ndege ikifika kasi fulani hewa hukitikisa, nacho hupepea kama bendera, na hakikomi hadi kimevunja bawa. Si lazima itokee. Inaweza kutokea. Mzee alisikiliza, kisha akaniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyenifundisha kwamba uzito ule ni hatari. Nikamwambia ni mtu wa kitoroli, na risasi niliyoiona. Akaenda kunywa kahawa yake nje.

"Na mimi nina kosa," dada akasema tulipobaki wawili. "Kibawa kikipakwa chochote lazima kipimwe kabla ya kufungwa. Nilipitisha kiganja nikafurahi kama mjinga. Kilikuwa kizuri mno." Akavuta pumzi. "Kiondoe. Chote. Kwa mkono."

Nilipiga msasa Jumamosi na Jumapili. Uso ule niliokuwa nautazama kama maji niliugeuza vumbi, na mawimbi yakarudi moja moja, yaleyale. Ulikuwa uchungu wa ajabu, kuharibu kitu kizuri kwa usahihi. Kila baada ya muda nilikiweka juu ya vyuma, na kila mara kilishuka taratibu kidogo kuliko mwanzo. Jumapili alasiri nilikiachia, kikabembea mara tatu, kikalala sawa. Nilisimama pale nikakitazama kikiwa hakifanyi chochote.

Jumatatu alikuja na kitabu chenye jalada gumu. Kila ndege ina kitabu chake, na kila inachofanyiwa huandikwa humo na kutiwa saini, na kitabu hicho huifuata ndege hadi siku itakapokatwa vyuma chakavu. Aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: kibawa cha kulia kiliongezwa puti kinyume na maagizo. Kilifungwa bila kupimwa. Kimefunguliwa, kimeondolewa puti, kimepimwa, kimesawazika. Akatia saini yake, akanisogezea kalamu.

"Hapa. Jina lote."

"Niandike jina langu kwenye kosa?"

"Kwenye kosa na kwenye kulirekebisha. Hapa hatuandiki moja bila jingine."

Tangu darasa la sita sikuwa nimeandika majina yangu yote matatu mfululizo, ila kwenye karatasi za polisi na za mipakani, na hizo huandikwa ili uondoke. Niliandika polepole. Nilihakikisha yanasomeka.

Jioni nilimsimulia fundi cherehani habari yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kukanyaga cherehani, akauliza swali moja tu.

"Na ile avion kidogo, inabeba nini?"

"Watu wawili. Na sandwichi zao."

"Sasa hiyo," akasema, "ungeweza kubandika."

Picha bado iko ukutani. Sijaitoa, na swali lake sijalijibu. Navutiwa na mikono iliyoichora na naogopa inakotumwa, na mambo hayo mawili hayajapatana ndani yangu. Ila pembeni yake, siku hizi, pana picha ndogo niliyoipiga mwenyewe kwa simu: ndege nyeupe yenye mkia, inanyanyuka kwenye majani makavu ya kiwanja. Mzee ndiye aliyekuwa ndani, siku ya Jumatano ile. Dada na mimi tulisimama chini. Ilipofika kasi yake kubwa na kupita juu yetu, niliitazama ncha ya bawa la kulia hadi macho yakatoa machozi. Haikutikisika.

Alipotua alimpungia dada mkono, mimi akanipungia pia. Dada akatoa fomu mfukoni mwa ovaroli, imekunjwa mara nne, akaitandaza juu ya bawa ambalo bado lilikuwa na joto la jua.

"Elimu?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Darasa la sita."

"Ulimaliza?"

"Nusu yake."

Akaandika. Sikuona alichoandika. Kisha akasaini, akaupuliza wino ukauke, akanikabidhi.

"Kesho saa moja," akasema. "Na ile sheria ya maswali matano bado ipo."

"Nina la sita."

"Nini?"

"Hiyo risasi, inapimwaje kabla ya kufukiwa?"

Akatazama saa yake, akatazama karakana, akavua kofia. "Njoo," akasema. "Lete mizani."